Ukisema "ni ya ukoo" umesema nusu tu

Mwezi uliopita nilikwenda Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, kumjulia hali mtoto wa majirani zetu wa zamani. Ana miaka miwili kasoro. Nilimkuta kibarazani amepakatwa na bibi yake, mikono yote miwili imevimba kuanzia kiganjani hadi ncha za vidole, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Kila bibi alipomrekebisha kanga, alilia kile kilio kisicho na nguvu cha mtoto aliyekwisha kulia sana. Majibu ya damu yalikuwa yametoka siku mbili nyuma: selimundu, ugonjwa wa seli nyekundu za damu. Mama yake alikuwa chumbani na hakutoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo haya unayoyaona. Ugonjwa wa ukoo. Lakini kwetu sisi hauna, umekuja na mama yake."

Sentensi hiyo nimekua nikiisikia mji mzima. Kisukari cha ukoo, presha ya ukoo, pumu ya ukoo, mabusha ya ukoo. Ikishatamkwa mazungumzo yanakwisha: vichwa vinatikiswa, mtu anaitikia kwamba ndiyo mipango ya Mungu, chai inamiminwa. Kwangu mimi hapo ndipo mazungumzo yanapopaswa kuanza, maana neno ukoo limebeba mizigo miwili nasi tumezoea kufungua mmoja.

Tazama tunavyolitumia neno kurithi. Mtu wa Tanga akifariki huacha minazi, nyumba, pengine na deni la dukani, na watoto wake hugawana kwa hesabu ya mirathi. Lakini iko mirathi nyingine waliyokwisha kuichukua marehemu akiwa hai. Walichukua jeni, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya seli za mwili, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Wakachukua pia chumba walicholala, kisima walichochota, kiasi cha sukari kwenye birika, mbu wa uani. Vyote hivyo hupita ndani ya ukoo mmoja, na kwa macho matupu huwezi kujua kipi kimeleta nini.

Nianze na mabusha, kwa kuwa hapo pwani yetu ilikosea waziwazi. Wazee walikuwa na maelezo mawili: ama ni ya ukoo, ama mtu amekunywa madafu kupita kiasi. Yote mawili yalikuwa na ushahidi wa kuonekana. Ni kweli kwamba katika nyumba moja ungemkuta babu, baba na mjukuu wa kiume wote wanayo. Ni kweli pia kwamba walioishi penye minazi mingi ndio walioumwa, kwa sababu minazi na ugonjwa vyote viko pwani. Chanzo chenyewe ni minyoo myembamba kama uzi, inayoenezwa na mbu na kukaa kwenye mishipa ya limfu. Vijiminyoo vyake vichanga hujitokeza kwenye damu usiku, saa ambazo mbu wanauma. Kuumwa mara moja hakutoshi. Kwa kawaida ni miaka ya kuumwa na mbu wa mahali pale pale. Kwa hiyo wanaume wa nyumba moja waliugua pamoja kwa kuwa walilala pamoja, karibu na choo kile kile cha shimo ambamo mbu walizaliana. Urithi ulikuwepo kweli, ila ulikuwa uani.

Mwaka 2004 mkoa wa Tanga ulianza zoezi la watu wote kumeza dawa kila mwaka, ivamektini pamoja na albendazoli. Maambukizi yakashuka miaka iliyofuata, na koo zilibaki zile zile. Sisemi damu haina neno hapo. Watu wawili huweza kupata minyoo ile ile, mmoja akavimba mwenzake asivimbe, na kinga ya mwili, yenye sehemu yake ya kurithiwa, imo katika tofauti hiyo. Ninachosema ni kwamba mwanamume aliyeambiwa "ni ya ukoo wenu" hakuona sababu ya kumeza dawa wala ya kwenda kupasuliwa, na akaishi miaka thelathini akijificha ndani ya kikoi kwa ugonjwa ambao hospitali ingemwondolea.

Selimundu ndiyo inayonikalia moyoni zaidi. Hapa damu ni damu kweli, hakuna ubishi. Jeni inayotengeneza sehemu mojawapo ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ina herufi moja iliyobadilika. Herufi moja, katika mabilioni. Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa protini hiyo, kipande kiitwacho asidi ya glutamiki kinaondoka na kinakaa kingine kiitwacho valini, mabadilishano ambayo mtafiti Vernon Ingram aliyabainisha kule Cambridge mwaka 1957. Himoglobini ya namna hiyo ikipungukiwa oksijeni hushikamana ikawa nyuzi ndefu, na seli nyekundu ikapinda mfano wa mundu wa kuvunia mpunga. Ndiko lilikotoka jina. Seli zilizopinda hunasa kwenye mishipa myembamba, damu haipiti. Ile mikono iliyovimba ya mtoto wa Ngamiani ni hiyo: vijifupa vya vidole na viganja vimekosa damu.

Kwanza hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayomtoa yule mama chumbani. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja iliyobadilika kwa kawaida haumwi. Anaishi, anazaa, anazeeka, pengine asijue kamwe. Mtoto huyu ana nakala mbili. Moja kaipata kwa mama. Ya pili haikuanguka kutoka mbinguni, kaipata kwa baba yake, na baba kaipata kwa mmoja wa wazazi wake. Ukoo wa baba umo ndani ya ugonjwa huu sawasawa na ukoo wa mama. Ninajua ndoa zilizovunjika kwa kutolijua hilo. Ninajua mwanamume aliyeacha mke "mwenye damu mbaya" akaoa mwingine, naye akazaa naye mtoto mwenye selimundu.

Kuna kosa la pili la hesabu, nalo hutoka hata kwa watu waliosoma. Wazazi wenye nakala moja moja huambiwa uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya wanne, nao huelewa kwamba wakishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kila mimba inaanza hesabu yake upya, kama karata zilizochanganywa tena. Wazazi wawili wenye nakala moja moja wanaweza kupata watoto watano wote wazima, na wanaweza kupata wawili mfululizo wagonjwa. Laiti muuguzi anayetoa majibu angekuwa na dakika kumi za kulieleza hili akiwa amekaa na wote wawili, mama na baba, na si mama peke yake huku foleni inamsukuma.

Turudi kwenye mazingira. Jeni inayoua watoto kiasi hiki imewezaje kudumu? Ingekuwa na hasara tupu, ingeadimika kizazi hadi kizazi. Daktari Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949 akaona jambo la ajabu: wenye jeni hiyo walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba mwenye nakala moja anakingwa dhidi ya malaria. Nusu karne baadaye, watafiti wa Kilifi, pwani hii hii yetu ukivuka mpaka, walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto wenye nakala moja walikuwa na hatari pungufu ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kinga ya kiasi hicho ni kubwa mno, na mtoto alizaliwa nayo.

Mtu wa Tanga ramani ya Allison anaijua kwa miguu yake. Toka mjini, pita Pongwe, fika Muheza: joto, madimbwi, mikonge, mbu. Panda kuelekea Amani, ambako taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki ilikaa miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukizidi kupanda Usambara utavaa sweta. Baridi huchelewesha kukua kwa vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa. Safari ya saa chache, na ngao ile ile iliyokuwa inaokoa maisha bondeni inakosa vita vya kupigana mlimani.

Basi jeni hii ni nzuri au mbaya? Swali halijibiki mpaka useme wapi, na nakala ngapi. Nakala moja, Muheza, kabla ya enzi za vyandarua vyenye dawa: ngao. Nakala moja, Chicago: haina kazi. Nakala mbili: ugonjwa popote ulipo. Hata hivyo ugonjwa wenyewe nao una mahali. Mtoto mwenye selimundu hana ile kinga ya kumwokoa. Malaria kwake ni miongoni mwa wauaji wakubwa, kwa kuwa inamaliza damu ambayo tayari haitoshi. Mbu aliyeieneza jeni hii pwani kwa karne nyingi ndiye huyo huyo anayemuua mtoto aliyepewa nakala mbili.

Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku hupunguza kwa asilimia 84 maambukizi hatari ya bakteria kwa watoto wadogo wenye selimundu. Ni penisilini, dawa ya bei ndogo kuliko soda. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, ulionyesha kwamba watoto wenye selimundu waliopewa dawa iitwayo haidroksiyurea walipungukiwa maumivu, maambukizi, kuongezewa damu, hata malaria na vifo. Marekani leo zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu wanafika utu uzima. Kwetu wengi wamekuwa wakizikwa kabla ya miaka mitano, mara nyingi bila kupimwa, kaburi likiandikiwa homa au degedege. Herufi iliyobadilika ni ile ile huko na huku. Kilichotofautiana ni chandarua, chanjo, kipimo cha siku za kwanza, na duka la dawa lenye dawa.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka; ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Profesa Julie Makani na wenzake pale Muhimbili, tangu mwaka 2004, wamefuatilia maelfu ya wagonjwa na kuwafanya waonekane kwenye hesabu za afya. Ninaheshimu kazi hiyo kwa dhati. Ninachodai ni kwamba mtoto anayezaliwa Pangani au Mkinga apimwe kama anavyopimwa uzito, asisubiri mpaka mikono ivimbe.

Na kuhusu wanaotaka wachumba wapimwe kabla ya ndoa, nakubaliana nao kwa sharti moja: wapimwe wote wawili, siku moja, na majibu wayapokee pamoja. Nimeona posa ambayo binti peke yake alitakiwa alete karatasi. Huko ni kumtafuta wa kulaumiwa.

Kisukari ni habari nyingine, na hapo nazungumza kama mhusika. Babu yangu mzaa baba alifariki bila kuwahi kupimwa sukari. Baba aligundulika akiwa na miaka 61, kaka yangu akiwa na 48, mimi mwaka juzi niliambiwa niko mpakani, yaani sukari imepanda ila haijafika kisukari. Nyumbani wote tumekubaliana: ni ya ukoo. Na damu imo, sikatai. Tofauti na selimundu, hapa hakuna herufi moja yenye kosa. Kuna mamia ya tofauti ndogo ndogo zilizotawanyika, kila moja ikisukuma kidogo sana. Yenye nguvu zaidi kati ya zile zinazoonekana kwa watu wengi iko katika jeni iitwayo TCF7L2; watafiti wa Iceland ndio walioigundua tofauti hiyo, mwaka 2006.

Lakini babu, baba, kaka na mimi hatujaishi Tanga moja. Baba alitoka Makorora kwenda kiwandani kwa baiskeli, akarudi kwa baiskeli, Jumapili akatupakia mbele na nyuma kwenda kuogelea Raskazone. Mji huu ulijulikana kwa baiskeli. Saa za kutoka kazini barabara ilisikika kengele tu. Mimi nakwenda kazini kwa bodaboda, nakaa saa nane kwenye kiti, narudi kwa bodaboda. Asubuhi nakula maandazi na mbaazi za nazi kama alivyokula baba, kiasi kile kile, kana kwamba nami ninakwenda kukanyaga pedali.

Miaka ya 1980 upimaji uliofanyika vijijini nchini mwetu ulikuta wenye kisukari hawafiki asilimia 1. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya watu wazima. Najua njia za upimaji hazikuwa sawa na wa pili ulihusisha mijini pia, kwa hiyo sizisomi namba hizo kama rula. Lakini hata ukizipunguza, jeni za Watanzania haziwezi kugeuka hivyo ndani ya kizazi kimoja. Waangalie Wapima, watu wa asili wa Amerika ambao mpaka wa nchi uliwagawa: utafiti wa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 38 ya walio Arizona, na asilimia 7 hivi tu ya ndugu zao wa milima ya Mexico waliokuwa bado wanalima kwa mikono. Wengi wao wanabeba damu ya mababu wale wale.

Utafiti ulionibadilisha mimi binafsi ni wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2002. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mpakani kama mimi waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipungukiwa hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Miaka minne baadaye watafiti wakarudi kwenye damu za watu hao kutazama TCF7L2. Kwa wale ambao hawakubadilisha maisha, waliobeba ile tofauti ya hatari kwenye nakala zote mbili za jeni hiyo walipata kisukari zaidi kwa asilimia 80 hivi kuliko wasiobeba. Kwa wale waliotembea na kupunguza uzito, tofauti hiyo ilififia karibu yote. Nilisoma hapo mara tatu. Jeni haikuondolewa na mtu, imo mwilini vile vile, ila ilikosa mahali pa kushika.

Kwa hiyo historia ya ukoo wangu sasa naisoma kinyume cha nilivyofundishwa. Zamani ilikuwa sababu ya kukata tamaa. Sasa ni sababu ya mimi, kuliko jirani yangu asiye na historia hiyo, kununua baiskeli. Nimeinunua. Ninaiendesha alfajiri kupitia Chumbageni kabla malori hayajaamka.

Iko namba moja ambayo huvuruga watu wengi, nayo nitaisemea kwa ufupi. Utasikia urefu wa mtu unarithiwa kwa asilimia 80. Wengi huelewa kwamba sentimita 80 kati ya kila 100 zimetoka kwa wazazi na zilizobaki ni chakula. Namba hiyo haimhusu mtu mmoja. Inaeleza tofauti baina ya watu wa kundi fulani, katika mazingira fulani, na mara nyingi ilipimwa kwenye jamii zilizoshiba. Ukipeleka kipimo hicho mahali ambapo nusu ya watoto walikosa chakula, namba inabadilika. Wanawake wa Korea Kusini waliongezeka urefu kwa zaidi ya sentimita 20 ndani ya miaka mia moja, na urefu wao ulikuwa unarithiwa wakati wote huo. Mtu akikutajia asilimia ya kurithi, muulize: kwa watu gani, wanaoishi vipi?

Siku ile kibarazani Ngamiani sikumwambia bibi yote haya. Nilimweleza hesabu ya nakala mbili tu, kwa vidole, pole pole. Hakunijibu mara moja. Kisha akaanza kunisimulia, bila mimi kumuuliza, kwamba alizaliwa kambi ya mkonge upande wa Muheza, wakiwa watoto wanane. Watatu walikufa wadogo, kwa homa na degedege, wawili katika masika moja. Watano walipona, naye akiwa mmojawapo, na mama yao alikuwa akisema hawa watano wana damu nzito.

Hakuna ajuaye kilichowaponya watano hao. Huenda ni jeni, huenda ni dawa ya zahanati ya kambi, huenda ni bahati. Bibi akanitazama, akamtazama mtoto.

"Sasa hii aliyoipata kwa baba yake, si lazima iwe imetoka kwangu au kwa marehemu mume wangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi huenda nami ninayo."

"Huenda."

Akanyamaza tena. Mtoto alikuwa amesinzia, mikono imewekwa juu ya mto mdogo. Bibi akainua sauti kuelekea chumbani: "Mwanangu, njoo nje kuna hewa. Njoo umshike mtoto, mimi nikuchemshie uji." Mama akatoka, macho mekundu, akaketi penye nafasi aliyoachiwa mkekani. Alhamisi wanarudi kliniki. Baba mtoto ameomba ruhusa kazini, na bibi amesema naye atakwenda, apimwe.